Gesi ya sayari ya mbali inatenganishwaje na gesi ya nyota yake?

Mwalimu wa Mikindani:
Ndugu zangu, nafundisha fizikia kidato cha sita hapa Mtwara, na wanafunzi wamenibana kwa swali ambalo nisingependa kulijibu kijuujuu. Tumesoma kwamba sayari kubwa zenye joto kali, zilizo karibu mno na nyota zao, huchunguzwa angahewa pale zinapopita mbele ya nyota hizo. Sayari yenyewe haionekani. Kinachopimwa ni mwanga wa nyota, ambao hupungua kwa asilimia 1 au 2 tu. Lakini nyota nayo ina gesi zake. Spektra ya Jua letu, yaani mwanga wake uliotawanywa kwa rangi zake, ina mistari myeusi pale sodiamu inapofyonza mwanga, na mwaka 2002 David Charbonneau na wenzake, wakitumia darubini ya Hubble, walichapisha ugunduzi wa sodiamu katika angahewa ya HD 209458 b, mojawapo ya sayari hizo. Walijuaje kwamba sodiamu hiyo si ya nyota?

Mdau wa Nachingwea:
Shikamoo Mwalimu. Nyota hulinganishwa na nyota hiyo hiyo. Spektra huchukuliwa kabla sayari haijaingia, inapopita, na baada ya kutoka. Sodiamu ya nyota imo katika vipimo vyote, kwa hiyo ukigawanya kimoja kwa kingine inajifuta. Waliotazama Jua likipatwa tarehe 1 Septemba 2016 watakumbuka ukingo wa Mwezi ulivyokuwa mkali, kwa kuwa Mwezi hauna angahewa ya maana. Sayari yenye angahewa haina ukingo wa namna hiyo: katika rangi ambayo sodiamu huifyonza, ukingo wake huzuia mwanga zaidi, na sayari hupimika kuwa kubwa kidogo kuliko katika rangi jirani. Kwa HD 209458 b, tofauti hiyo ilikuwa takribani asilimia 0.02 ya mwanga wa nyota.

Ndiyo maana wanaanza na majitu ya moto, yaani hizo sayari kubwa zenye joto kali. Joto kali, uvutano mdogo na gesi nyepesi kama haidrojeni huitanua angahewa. Hapa duniani, ukipanda kilomita 8 hivi kanieneo ya hewa hushuka hadi kama theluthi moja; kwenye WASP-39 b, sayari nyingine ya aina hiyo, ungehitaji kupanda karibu kilomita 1,000.

Mkazi wa Lindi mjini:
Naafiki, ila hapo kwenye "inajifuta" ningeweka tahadhari. Nyota huzunguka, upande mmoja ukija kwetu na mwingine ukienda, na mng'ao wa katikati yake haulingani na wa pembeni. Sayari inapofunika sehemu moja baada ya nyingine, mistari ya nyota hubadilika sura, na mabaki yake yanaweza kufanana na sodiamu ya sayari. Mwaka 2020 watafiti waliotumia spektra zenye mchanganuo wa kina zaidi walionyesha kwamba alama walizoziona kwa HD 209458 b zinaweza kuelezwa kwa njia hiyo bila kuhitaji sodiamu ya sayari. Wanafunzi wako, Mwalimu, wamegusa penyewe.

Darasani ningetumia WASP-39 b, iliyo umbali wa miaka-nuru 700 hivi. Mwaka 2022 darubini ya James Webb, inayopima mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, ilionyesha kaboni dayoksaidi yake kwenye urefu wa wimbi wa mikromita 4.3. Uso wa nyota yake una joto la zaidi ya nyuzi 5,000, ambalo huvunjavunja molekuli hiyo, hivyo ni vigumu mno kuisingizia nyota.

Mwalimu wa Mikindani:
Nashukuru sana. Je, hoja hiyo ya joto inatosha pia kwa mvuke wa maji?

Mkazi wa Lindi mjini:
Haitoshi. Madoa meusi ya nyota hupoa kuliko uso wake wote, na hata kwenye madoa ya Jua letu mvuke wa maji umeshaonekana. Kwa nyota ndogo zenye ubaridi kiasi, ambazo madoa yake ni mengi, anayedai maji ya sayari hulazimika kwanza kukadiria madoa hayo yanafunika eneo gani na yana joto kiasi gani.