Kuhama kati ya maeneokazi kwenye Windows 10 kunachelewa

SteshenariMwanga, Kigoma
Habari za kazi, wanajukwaa. Kompyuta mpakato ninayotumia kwenye steshenari hapa Mwanga ina RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 4, nami nimegawa kazi katika maeneokazi matatu (virtual desktops, yaani skrini za kazi tofauti ndani ya kompyuta moja): barua na wasifu wa wateja, kivinjari cha maombi ya ajira, na picha za pasipoti. Tangu Windows isakinishwe upya, nikibonyeza Ctrl, kitufe cha Windows na mshale, skrini inasogea kwa kukatakata. Je, ni RAM?

FundiUjiji
Dada, kabla hujanunua RAM, chunguza uzito huo unatokea wakati gani. Skrini ikigoma kusogea kwa muda, taa ya diski ikawaka mfululizo, kisha madirisha yakajitokeza moja moja, RAM imejaa na Windows inarudisha kutoka kwenye diski vitu ilivyovihamishia huko. Skrini ikianza kusogea papo hapo lakini mwendo wenyewe ukakatika, kama unavyoeleza, shuku draiva ya kadi ya video, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi hiyo. Fungua Device Manager, sehemu ya Display adapters. Ukikuta Microsoft Basic Display Adapter badala ya jina la Intel au AMD, draiva halisi haipo na prosesa ndiyo inayobeba kazi yote ya kuchora. Ipakue kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta, wala usiguse zile programu za kusasisha draiva, ambazo aghalabu huja na takataka zake.

Mnyamwezi_TBR
Naongezea kutoka Tabora: umeme ukikatika, hali ya kuokoa betri nayo hupunguza kasi. Ukitaka, nenda Settings, Ease of Access, Display, uzime Show animations in Windows. Skrini itabadilika mara moja bila kuteleza. Ila programu iliyo kwenye eneokazi usiloliona haijalala, inaendelea kula RAM.

SteshenariMwanga, Kigoma
Ahsanteni. Nimeikuta Basic Display hiyo hiyo, nikaweka draiva ya Intel, na sasa inateleza vizuri. Hata hivyo, kivinjari kikiwa na kurasa nyingi, kule kungoja kunajitokeza. Nitajuaje kama kuna nafasi ya RAM ya pili?

FundiUjiji
Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, kisha Performance, Memory, usome Slots used. Hata ikiandika 1 of 2, yaani nafasi moja kati ya mbili imetumika, fungua kifuniko uhakikishe kwa macho, na RAM mpya iwe ya aina ile ile, DDR3 au DDR4.