Watafiti wanataka "ubia" na shule yetu kuhusu watoto kuonewa. Tudai nini kabla hatujasaini?

Mama Mihogo Vituka

Habari zenu wakuu. Nakaanga mihogo na kachori nje ya geti la shule moja ya msingi huku Yombo Vituka, na mwaka huu wazazi wamenichagua kuingia kamati ya shule. Shule siitaji jina, walimu wake ni wateja wangu na sitaki ugomvi.

Suala lenyewe ni hili. Imekuja barua ya watafiti wa chuo. Wanataka ubia na jamii ili kuzuia watoto kuonewa na wenzao. Barua nzuri, ina mihuri. Wameeleza kwamba Kanada kuna mtandao unaitwa PREVNet, ulianzishwa mwaka 2006, unaowakutanisha watafiti wa vyuo vikuu na mashirika yanayohudumia watoto wapange kazi pamoja, na wao wanataka kitu cha namna hiyo huku kwetu. Mwalimu mkuu anataka tusaini Jumamosi.

Mimi sipingi. Uonevu upo, na nauona kuliko mwalimu yeyote kwa sababu mimi naona hela. Kuna kijana wa darasa la sita anakuja saa nne mapumziko na sarafu nne za mia mbili, zimelowa jasho. Ananunua mihogo, anaongeza na kachori. Pembeni wamesimama wadogo wawili wa darasa la pili, macho kwenye kikaango, wala hawaombi. Namuuliza hizi hela za nani, anasema "wamenipa." Wale wadogo wanaitikia kwa kichwa haraka haraka kabla sijawauliza wao. Siku nyingine namwambia sina chenji, aende zake.

Yupo na mwingine ana kigugumizi. Akitokeza getini tu, kuna kundi linamwita kwa kuigiza anavyovuta herufi ya kwanza ya jina lake. Siku hizi hanunui kwa kusema. Ananyoosha kidole kwenye mhogo anaoutaka, halafu ananionyesha vidole viwili.

Sasa, miaka ya nyuma walishakuja watafiti wengine, sio hawa. Waligawa madodoso, watoto wakapewa kalamu na soda, maboksi yakapakiwa kwenye gari, kwaheri. Hadi leo hatujui walikuta nini. Na hawakumuuliza mtu yeyote wa nje ya geti: si mimi, si mlinzi, si vijana wa bajaji wa Davis Corner ambao ndio wanawaamulia hawa watoto wakishikana mashati.

Waliowahi kukaa karibu na mambo haya nisaidieni. Ubia wa kweli unakuwaje?

---

Mdodosaji Mstaafu

Shikamoo mama. Nimezunguka sana na madodoso mashuleni, Temeke, Kinondoni na mikoani, kwa hiyo naongea kama mtu aliyebeba hayo maboksi.

Vibali kwanza, tuvimalize upesi. Utafiti unasajiliwa COSTECH, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia, ukigusa afya unapita NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa, kwenye maadili, kisha kuna barua ya manispaa. Msikubali kuambiwa vipo, waambieni wavitoe mezani. Lakini mjue kwamba karatasi hizo zinaonyesha serikali imewaruhusu. Hazionyeshi kwamba ninyi mmekubali, na hazionyeshi kwamba mtoto amekubali. Mzazi anatoa idhini yake, mtoto naye anaulizwa kivyake, na akikataa, mzazi hawezi kumlazimisha.

Jambo ambalo mimi ningeling'ang'ania ni hili: mtoto akisema, nini kinafuata? Uganda, wilaya ya Luwero, walifanya jaribio la mpango unaoitwa Good School Toolkit, wa shirika la Raising Voices, wakishirikiana na watafiti kutoka London. Shule 42. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Walimu na wafanyakazi wa shule walipunguza kuwapiga watoto, hatari ya mtoto kupigwa ndani ya wiki ilishuka kwa asilimia 42, na hiyo ndiyo namba inayotajwa kila mahali. Mimi huwa naangalia namba nyingine: watoto 434 ilibidi wapelekwe kwa wahusika wa ulinzi wa mtoto kwa sababu ya yale waliyoyasema kwenye mahojiano ya mwisho. 434! Wale walijiandaa, walikuwa na watu wa kuwapokea. Sasa nyie pale Vituka, mtoto akimwambia mdodosaji kitu kizito saa tano asubuhi, anampeleka wapi saa sita? Kwa afisa ustawi gani, ana simu gani, amekubali? Kama jibu ni "tutaangalia", msisaini.

La pili. Watakwambia shule nyingine itakuwa ya kulinganishia, haitapata mafunzo. Hapo msiwe na hasira, ni haki yao kupima. Luwero nusu ya shule zilianza na nusu zikasubiri, utafiti ulipoisha na zile zilizosubiri zikapewa. Dai iandikwe kwamba zamu yenu itafika, na lini.

La tatu ni maswali yenyewe. Shirika la Afya Duniani lina dodoso lake la wanafunzi, lilishapita hapa Dar mwaka 2006, na liliuliza mambo ya siku 30 zilizopita. Dodoso zuri, linalinganishika na nchi nyingine. Ila mtoto wa darasa la nne ukimuuliza "umeonewa?" anakuangalia tu. Muulize "kuna mtu amekuchukulia hela na wewe hutaki?", mikono inapanda. Waambieni maswali yajaribiwe kwanza na watoto wachache wa hapo hapo, na ninyi wajumbe mkiwepo kwenye kuyatunga. Wewe unajua habari ya sarafu za mia mbili, wao hawaijui.

---

Babu Kidevu

Tusiwaharibu watoto. Sisi tulipigwa, tukanyang'anywa hela, tukatukanwa, tukakua. Leo mtoto akiitwa jina la utani eti utafiti. Hela za wazungu hizo.

---

Mama Mihogo Vituka

Babu shikamoo. Utani naujua, mimi Mzaramo na mume wangu Mnyamwezi, nyumbani kwetu kunazikwa na kuchekwa siku hiyo hiyo. Mtani wako anakutania nawe unamrudishia, na msiba ukikupata ndiye anayekuja kushughulika. Yule kijana wa darasa la sita hajawahi kurudishiwa neno na wale wadogo. Na hela zinazochukuliwa sio za wazungu, ni za akina mama wanaouza nyanya Tandika.

Mdodosaji, marahaba mwanangu. Habari ya saa tano na saa sita nimeinakili kwenye daftari langu la madeni.

---

Mwalimu wa Malezi TMK

Poleni na hongereni kwa mjadala. Mimi ni mwalimu wa malezi katika shule nyingine ya Temeke, darasa langu lina watoto zaidi ya mia, kwa hiyo mnaposema "mwalimu haoni", ni kweli sioni, sina macho ya kutosha.

Nataka kusema mawili tu. Ufini kuna mpango wa kuzuia uonevu unaitwa KiVa, ulitengenezwa Chuo Kikuu cha Turku kwa fedha ya wizara yao ya elimu, ukaanza kusambazwa mashuleni nchi nzima mwaka 2009. Mtafiti wake mkuu, Christina Salmivalli, alianza kwa kuchunguza wale watoto ambao si waonevu wala si waonewa, wale wanaosimama na kuangalia. Mama, rudi kwa mtoto wako wa kigugumizi. Anayemwigiza pengine ni mmoja au wawili. Wengine wanacheka, na kicheko chao ndio mshahara wa yule mmoja. KiVa inafanya kazi na hao wanaocheka, kwa masomo ya darasani mwaka mzima, huku walimu wachache waliofundishwa wakishughulikia kesi moja moja pembeni. Sisi huku tukisikia uonevu tunamwita mbabe ofisini, tunamchapa, kesho yake anaenda kumalizia hasira kwa yule yule aliyesema. Nimeshuhudia mara nyingi kiasi kwamba siku hizi watoto hawasemi kabisa.

Hapo ndipo la pili linapokuja, na walimu wenzangu watanuna. Viranja. Mwalimu wa zamu anampa kiranja fimbo asimamie foleni ya bomba na usafi wa vyoo, halafu anaenda kunywa chai. Kanuni za viboko zenyewe zinamtaja mwalimu mkuu, au mwalimu aliyepewa ruhusa yake kwa maandishi. Kiranja hayumo. Lakini nenda shule yoyote saa moja na nusu asubuhi uone nani ameshika fimbo. Watafiti wakija na somo la upendo darasani huku fimbo iko mikononi mwa mtoto wa darasa la saba, watapima nini? Kwa hiyo katika makubaliano, shule nayo itoe ahadi yake, isiwe watafiti pekee wanaodaiwa. Norwei, mtafiti Dan Olweus alipoanza kampeni yake dhidi ya uonevu miaka ya 1980, moja ya mambo ya mwanzo yalikuwa watu wazima kuwepo wakati wa mapumziko, pale ambapo watoto wanaonewa. Hilo halihitaji mfadhili, linahitaji chai inywewe kwa zamu.

---

Dada wa Tandale

Mimi nimekaa upande wa wananchi. Mtaani kwetu walikuja watu wa mradi wa watoto (sio huu wenu) na kitu walichofanya vizuri ni mrejesho. Waliomba ofisi ya serikali ya mtaa siku ya Jumapili jioni, wakabandika karatasi kubwa ukutani, hakuna projekta, hakuna maji ya chupa. Watoto walikuwa wamechora ramani ya mtaa na kuweka alama nyekundu sehemu wanazoogopa kupita. Wazazi tulitegemea wangeweka vijiwe vya vijana. Alama nyingi ziliangukia kwenye uchochoro mmoja nyuma ya banda la video, na kwenye vyoo vya shule. Mzee mmoja mwenye nyumba pale uchochoroni alisimama akasema taa ataweka yeye, na aliweka. Vyoo vikachukua muda mrefu, hiyo ni hadithi nyingine.

Kwa hiyo mama, omba ramani. Na omba wakae na watoto wa kike peke yao, maana vyoo ni suala lao zaidi, kuna wanaoshinda bila kunywa maji ili wasiende kabisa.

Kuhusu mtoto kupelekwa wapi: kuna namba 116 ya kumsaidia mtoto, kupiga ni bure, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Pia kila kata inatakiwa kuwa na kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto, ile ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi yao. Muulize mtendaji wenu wa kata kama yenu inakutana au ipo kwenye faili tu. Kama inakutana, mtu wao mmoja akae kwenye huo ubia.

---

Mdodosaji Mstaafu

Naunga mkono ramani. Naongeza dogo: mama, uliza nani analipwa. Mtafiti ana mshahara, mdodosaji ana posho, mwalimu atapewa nauli. Wewe ukiacha kikaango siku nzima ukakae kwenye "kikao cha wadau", mihogo yako nani anakaanga? Iandikwe humo humo kwenye bajeti. Na takwimu zikikusanywa, nakala ya matokeo ya shule yenu ibaki shuleni kwa Kiswahili, bila majina ya watoto.

---

Mama Mihogo Vituka

Ahsanteni sana. Kikao kimesogezwa hadi Jumanne, mwalimu mkuu ameitwa manispaa. Afadhali.

Nimeongea na mlinzi na kijana mmoja wa bajaji, wote wamekubali kuja. Katibu wa kamati ameguna kidogo kuhusu bajaji, anasema sio "mdau wa elimu". Nimemwambia basi na mimi sio, tutoke wote. Amenyamaza. La viranja nitalisema mwisho, mwalimu mkuu akishamaliza kuwasifia wageni, maana nikianza nalo sitasikilizwa hadi jioni.

Mwalimu wa Malezi, naomba unisaidie kitu kimoja. Fomu waliyotuletea kwa ajili ya watoto ina kurasa nne na hakuna mahali mtoto anaambiwa anaweza kukataa. Ukiwa nayo fupi, ya Kiswahili ambacho mtoto wa darasa la nne anakisoma mwenyewe, iweke hapa kabla ya Jumanne. Nitaichapisha stationery ya hapa jirani.