Muuza laptopu, "betri inajaa mpaka 100%" si jibu. 100% ya nini?

Wakuu, nimekasirika na sitaficha. Huu mchezo wa betri kwenye laptopu ndogo za mtumba, hizi za inchi 11 zinazoshushwa kutoka mashule na maofisi ya Ulaya, umeumiza watu wengi na hakuna anayeusema.

Dukani niliuliza swali moja tu: inakaa na chaji muda gani? Jamaa akaiwasha, akaniwekea kidole kwenye kona ya skrini. "Bosi, jionee mwenyewe, 100%. Hii inakupeleka masaa sita bila wasiwasi." Nikalipa.

Kazi yangu ni kuwasaidia vikundi vya VICOBA, vile vya kuweka na kukopa, kuweka hesabu. Vingi viko mahali ambapo umeme haujafika, au umefika lakini hauaminiki. Sikufuata urembo wala spidi, nilifuata kitu chepesi chenye chaji. Sasa tuko kwenye darasa la shule ya msingi, katibu anasoma daftari, mimi naingiza: hisa za huyu, rejesho la yule, faini ya aliyechelewa. Sanduku limeshafunguliwa, fedha ziko mezani. Kona ya skrini inasoma 34%. Nikafungua faili la mwezi uliopita nilinganishe deni la mama mmoja, skrini ikawa nyeusi. Hakuna onyo, hakuna mlio. Wanachama wote wananiangalia, na yule mama anauliza rejesho lake limeingia au halijaingia. Nimwambie nini? Tulianza daftari upya kutoka juu mpaka giza likaingia, na wapo walioondoka wakinong'ona kuhusu hela zao. Uaminifu wa kikundi umechukua miaka kujengwa, umetikiswa na betri.

Niliporudi nyumbani nikaitaka Windows itoe ripoti. Yeyote mwenye Windows 8 kuja juu anaweza: fungua Command Prompt (lile dirisha jeusi la kuandikia amri), andika powercfg /batteryreport, itakuonyesha faili ilikoliweka, lifungue kwenye brauza. Kuna mistari miwili ya kutafuta. DESIGN CAPACITY ni uwezo wa betri ilipotoka kiwandani. FULL CHARGE CAPACITY ni kile inachoweza kubeba leo ikijaa kabisa. Yangu: 38,000 mWh kwa 14,900 mWh (miliwati-saa, kipimo cha umeme ambao betri inabeba).

Someni tena hizo namba. Betri imebaki na chini ya asilimia 40 ya uwezo wake, lakini kila asubuhi inaniandikia 100% bila aibu. Ile asilimia inapimwa kwa kilichobaki, haipimwi kwa kile betri ilichoumbwa kubeba. Ni debe lililobonyezwa ubavuni: unajaziwa mpaka juu mbele ya macho yako na mahindi bado ni pungufu. Kwa kazi za kawaida laptopu hii inakula kama wati 6 na nusu. Ikiwa mpya ingekaribia kweli hizo saa sita. Leo ni saa mbili na kidogo, basi. Na muuzaji hahitaji kusema uongo hata mmoja kuhusu asilimia, skrini inamsemea.

Ile 34% nayo ina maelezo yake, na ndiyo iliyoniudhi zaidi. Seli ya lithiamu ikijaa ina volti 4.2, ikiisha inakaribia 3.0, ila safari yote ya katikati inaelea karibu na 3.7. Kwa hiyo volti peke yake haikuambii uko wapi. Ndani ya betri kuna chipu inayohesabu umeme unaoingia na unaotoka, halafu inakisia. Betri ikikaa miaka kwenye chaja bila kushuka mpaka chini, hesabu inapotoka na chipu inaendelea kuamini namba zake za zamani. Juu ya hapo seli zimeungana kwa mfululizo, hivyo iliyochoka kuliko wenzake ndiyo inayoamua. Ukifungua kitu kizito, mashine inavuta umeme mwingi kwa ghafla, ile seli mbovu volti zake zinaporomoka, na saketi ya ulinzi inakata yote. Windows imepangwa kuonya kwenye 10%, na kwenye 5% kuhifadhi kazi yako kisha kujizima. Itaonya vipi wakati inaamini iko 34%?

Nilimpigia muuzaji. "Mkuu, betri haimo kwenye waranti. Mtumba ni mtumba. Fanya kalibresheni." Nimefanya: nikaijaza, nikaiacha iishe yenyewe, nikaijaza tena. Sasa inazima ikisoma 8% au 9%. Namba imenyooka kidogo, lakini muda haukuongezeka hata dakika moja, kwa sababu kilichokufa ndani hakifufuki kwa kalibresheni. Msikubali kupewa hiyo kama dawa.

Na asiniambie mtu kwamba najua nimenunua mtumba halafu nalia. Betri ya mtumba kuchoka ni haki yake, mimi sina ugomvi na hilo. Niambie imechoka kiasi gani, upunguze bei, nijipange na betri nyingine au pawabenki inayofaa. Ugomvi wangu ni namba kuwepo ndani ya mashine, kuipata ni dakika moja, na duka zima linafanya kama haipo.

Watengenezaji nao wasijifiche. iPhone inaonyesha afya ya betri kwenye mipangilio tangu iOS 11.3 ya Machi 2018, tena baada ya watu kuja juu. Kwenye laptopu zetu nyingi, mtu wa kawaida hadi leo anatakiwa ajue kuandika amri kwenye dirisha jeusi. Hayo masaa ya kwenye maboksi ndiyo usiseme: mwaka 2009 AMD wenyewe, watengenezaji wa chipu za kompyuta, walilalamika hadharani kwamba MobileMark 2007, kipimo cha muda wa betri za laptopu, kilikuwa kinafanywa skrini ikiwa imefifizwa na Wi-Fi imezimwa. Nani anafanya kazi hivyo?

Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Muuzaji anayejua betri imebaki asilimia 39 akanionyesha 100% na kuniahidi masaa sita, kanipotosha. Ninaandaa barua kwenda Tume ya Ushindani, ripoti nimeshaichapa na risiti ninayo. Wenye kisa kama changu wekeni hapa mistari yenu miwili, DESIGN na FULL CHARGE, pamoja na kile mlichoambiwa dukani. Majina ya maduka acheni kwanza, namba zinatosha.

Na wauzaji mliomo humu, najua mnasoma: nani ataanza kuweka picha ya hiyo mistari miwili kwenye tangazo lake? Kuna kikundi kinatafuta laptopu ndogo mwezi ujao na fedha ipo. Atakayeweka picha ndiye nitakayempelekea.