Gemu za kompyuta zinaweza kumfundisha mtoto kuishi na wenzake? Tujadili

Mleta mada:
Wakuu, kuna hoja kwamba gemu zinaweza kumsaidia mtoto ajue kuongea na wenzake, kusubiri zamu, kushindwa bila kununa. Mi nasema inawezekana ila sio gemu yoyote, maana watu wakisikia gemu wanawaza risasi na matusi tu. Chukua Keep Talking and Nobody Explodes ya 2015, mmoja anaona bomu kwenye skrini, wenzake wameshika maelekezo ya kulitegua na hawaruhusiwi kuchungulia, sasa usipoeleza unachokiona kikaeleweka linalipuka mnaanza upya. Mtoto mwenye kufokea wenzake anagundua mwenyewe pale pale kwamba kufoka kunamlipua. Nawasilisha.

Mchangiaji 1:
Mkuu unachekesha. Kusubiri zamu si atoke nje acheze na wenzie, akikosea anaona kabisa sura ya mwenzie imebadilika. Kwenye skrini mkikorofishana unazima, yameisha. WHO, Shirika la Afya Duniani, wenyewe wameingiza uraibu wa gemu kwenye ICD-11, orodha yao ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, nyie mnawafungulia watoto mlango!

Mleta mada:
Isome vizuri, wanamzungumzia aliyeshindwa kujizuia mpaka mambo yake mengine yanaharibika, na kwa kawaida iwe imeendelea kama miezi 12. Sio kila anayecheza wikiendi. Ila hilo la kuzima na kuondoka, sina jibu la haraka.

Mchangiaji 2:
"Atoke nje" ni rahisi kusema kama mwanao anapokelewa huko nje. Wangu ana usonji, wenzie wanamcheka anavyoongea. Kuna baba mmoja Mkanada, Stuart Duncan, 2013 alianzisha seva ya Minecraft (ile gemu ya kujenga vitu), yaani sehemu ya kuichezea pamoja mtandaoni, inaitwa Autcraft kwa ajili ya watoto kama hawa na familia zao, kuingia mpaka ukubaliwe na kuna wasimamizi wanaozuia uonevu. Watoto wanajenga pamoja, wanagombana, wanapatana. Huo nao sio urafiki?

Mchangiaji 3:
Dada nakuunga mkono, ila tusipeleke mambo mbali. Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison walitengeneza gemu ya roboti aliyeangukia sayari ngeni, anasoma sura za wenyeji ajue nani ana hasira, nani anaogopa. Matokeo yalitoka 2018, picha za ubongo zilionyesha mabadiliko kwenye sehemu zinazohusika na kuelewa hisia za wengine, lakini kupata alama nzuri zaidi kwenye kutambua hisia haikuwa kwa watoto wote. Na hata aliyefaulu, kusoma sura ya katuni sio sawa na kumwendea mwenzio umemkosea useme samahani. Hapo ndo anahitajika mtu mzima wa kumuuliza baada ya gemu, mbona ulimnyang'anya fulani zamu yake, unadhani alijisikiaje?

Mchangiaji 1:
Huyo mtu mzima yuko wapi sasa? Wengi tunampa mtoto gemu ili sisi tupumzike, tuambizane ukweli.

Mleta mada:
Hiyo ya kumnyamazisha mtoto siitetei, wala haimo kwenye mada yangu.

Mchangiaji 2:
Na zile za kuongea na watu msiowajua maiki ikiwa wazi, mnaruhusu?

Mchangiaji 3:
Kwangu hapana. Mdogo aanze na ndugu zake chumba kimoja, skrini moja, wakizozana niwasikie.