Tupeane uzoefu: siku yako kwenye rotesheni ya saikatria nje ya nchi ilikuwaje?

Wakuu habari zenu. Tuliowahi kusoma udaktari au kufanya elektivu (mafunzo ya vitendo ya kujichagulia) nje, naomba tupeane uzoefu wa wodi ya magonjwa ya akili, maana stori za upasuaji na wodi ya wazazi zipo kibao ila hii watu wanaikwepa. Naanza mimi, nilikuwa Uingereza.

Asubuhi ni handova, nesi wa usiku anapitia mgonjwa mmoja mmoja, nani kalala, nani kakesha, nani kagoma dawa. Usingizi pale ni kipimo kabisa, mgonjwa wa mania (kuchangamka kupita kiasi kunakotokana na ugonjwa) akianza kulala vizuri timu nzima inachangamka. Unapewa alamu unaivaa kiunoni, unaambiwa ukae karibu na mlango, basi unaingia wodini.

Sasa raundi. Hawazunguki vitandani, mnakaa chumba kimoja mgonjwa anaitwa. Akaingia baba mmoja kakasirika, anauliza nani kamfungia humu. Konsaltanti, yaani daktari bingwa mkuu wa timu, hakupandisha sauti, akamweleza taratibu: ni kifungu cha 2 cha Sheria ya Afya ya Akili ya 1983, madaktari wawili wamependekeza, mtaalamu wa afya ya akili aliyeidhinishwa kisheria ndiye kaomba uzuiwe, mwisho siku 28, na ndani ya siku 14 za mwanzo una haki ya kukata rufaa kwenye baraza huru la rufaa na wakili utapewa bure. Yule baba akaikunja karatasi aliyopewa mara nne akaitia mfuko wa shati, akasema nakata rufaa. Konsaltanti akamgeukia nesi, msaidie kujaza fomu leo leo. Jamani hilo lilinigusa mno, daktari anayemzuia mtu ndiye huyo huyo anahakikisha amepata njia ya kumpinga!

Mchana nikaongea na mgonjwa wa sonona, na kule kuhusu kujiua unauliza wazi wazi bila kuzunguka. Wengi tunaogopa tukidhani tutamtia mtu wazo, hapana, kuuliza hakumpandikizii wazo. Nikauliza, akajibu kwa utulivu kabisa, kumbe alishapanga, na jioni ile ile akawekwa kwenye uangalizi wa karibu. Asingeulizwa tungemwona mtu mpole tu anayekula na kulala. Haya karibuni.

Binti wa Kliniki: Asante mkuu kwa uzi. Mimi huko huko Uingereza nilipangwa kliniki ya klozapini, dawa ya skizofrenia (ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo) pale dawa nyingine zimeshindwa. Inaweza kushusha seli nyeupe za damu hadi ikawa hatari, kwa hiyo enzi zangu ilikuwa damu kila wiki kwa wiki 18, halafu kila wiki mbili mpaka mwaka utimie, halafu kila mwezi. Ila kilichonishangaza ni maswali ya nesi: umepata choo lini? bado unavuta sigara? Choo kwa sababu klozapini inaweza kufunga utumbo kabisa na mtu akafa. Sigara kwa sababu moshi unalifanya ini liivunje dawa haraka, sasa mtu akiacha ghafla dawa inapanda kwenye damu na dozi inabidi iangaliwe upya. Mambo hayo mawili siyasahau.

Daktari Mtarajiwa: Mimi niliona tiba ya umeme, yaani ubongo unapitishiwa umeme kidogo ili mgonjwa apate degedege fupi. Wadau futeni picha ya mtu kafungwa kamba anapiga kelele, mgonjwa anapewa nusu kaputi na dawa ya kulegeza misuli, anawekewa kinga ya meno, degedege lenyewe kwa kawaida halimalizi dakika, ukiangalia unaona vidole vya miguu vinacheza tu. Mama mmoja wa sonona kali alikuwa hali wala hasemi, baada ya awamu kadhaa nikamkuta anabishana na nesi kuhusu chaneli ya tivii. Kumbukumbu za karibuni zilikuwa zinampotea, hilo lazima lisemwe, na mgonjwa huelezwa kabla ya kusaini.

Koti Jeupe: Nyongeza kwa wanaokwenda. Stori za wodini unarudi nazo chumbani, na ugenini huna wa kumwambia. Ulizieni kikundi cha Balint, kilianzishwa na Michael Balint huko London miaka ya 1950, mnakaa duara mmoja anasimulia mgonjwa aliyemgusa, wengine wanajadili daktari na mgonjwa wanavyohusiana, hamtafuti dawa. Muulizeni msimamizi wenu mapema, msingoje mpaka mmelemewa.