Transfa ya Land Rover 110: kuifungua, kununua mtumba, au kufunga ya Discovery?

Mkulima_Molo
Wakuu, salaam. Nina Land Rover 110 ya injini ya 300Tdi inayobeba viazi na mikebe ya maziwa kati ya Molo na Nakuru. Transfa yake, LT230, lile sanduku la gia nyuma ya gia boksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, inavuma nikiwa kwenye gia za kasi, inadondosha oili upande wa mbele, na kila nikiachilia mafuta kisha nikanyage tena, kunagonga chini ya sakafu. Nimepewa njia tatu. Fundi wa Industrial Area hapa Nakuru anataka kuifungua abadilishe beringi na sili zote (mipira ya kuzuia oili). Muuza spea ana transfa ya mtumba iliyotoka Uingereza, anasema ni nzima. Wa tatu ananishawishi nifunge ya Discovery, eti gari litakimbia kwa wepesi na dizeli itapungua. Gari hili ndilo linalotulisha, sitaki kushusha transfa leo halafu niishushe tena baada ya mavuno. Mngekuwa ninyi mngefanya nini?

Landi_Busia
Chukua mtumba. Fundi akifungua transfa, gari linakaa juu ya mawe likingoja spea moja kutoka Nairobi. Mtumba unafungwa siku hiyo hiyo, na transfa ya LT230 hushuka bila kutoa gia boksi. Sisi tunaobeba miwa huku msimu haungoji mtu.

FundiKibos
Ndugu wa Molo, usilipe shilingi yoyote kabla hujajua vitu viwili, kwa sababu beringi si kitu cha kuamua hapa. Beringi na sili zinapatikana na zinabadilishwa. Kinachoamua ni meno ya shafti na tundu la kesi, yaani ganda la transfa.

Anza na meno. Nyuma ya transfa kuna kifuniko kidogo, pale ambapo winchi au pampu ingefungwa. Kitoe transfa ikiwa bado imefungwa kwenye gari. Utaona mkia wa shafti kuu ya gia boksi ukiwa umeingia ndani ya gia ya kwanza ya transfa. Hayo meno mawili yanashikana, na kwenye gia za zamani hayakuwa yakipata oili. Yanasagana makavu, yanatoa unga mwekundu kama kutu, na siku moja gari linakataa kwenda mbele na nyuma ingawa gia inaingia vizuri. Gia zilizotengenezwa baadaye zina vitundu vya kupitisha oili hadi kwenye meno. Sasa sikiliza: shafti ile ni mali ya gia boksi. Ikiwa imelika, njia zako zote tatu zimekufa, maana hata transfa mpya kabisa utaivisha kwenye shafti mbovu, na meno mapya yataliwa upesi.

Pili, huo mvujo wa mbele. Katikati ya transfa kuna shafti inayobeba lile fungu la gia za kati. Yenyewe haitakiwi kuzunguka, gia ndizo zinazozunguka juu yake. Beringi zikilegea, shafti inaanza kucheza ndani ya kesi ya aluminiamu na kulipanua tundu. Utaweka oringi mpya, ile pete ya mpira, mara ngapi? Itavuja tu, kwa sababu tundu si la duara tena. Kesi ikiwa nzima, fungua transfa yako. Ikiwa imelika, kuna shafti za kipenyo kilichoongezwa, au kesi inapanuliwa na kutiwa bushi kwa mashine ya kukereza.

Landi_Busia
Fundi, hiyo kesi iliyolika si ndiyo sababu ya kununua mtumba?

FundiKibos
Ingekuwa hivyo kama mtumba ungekuwa wa umri mwingine. Ugonjwa huu ni wa LT230 popote ilipo, ya Uingereza na ya Thika. Mimi sikatai mtumba, nakataa mtumba uliofungwa. Muuzaji akikubali kutoa sahani ya chini mbele yako, uone meno ya gia na uzitikise gia za kati kwa mkono, zungumza naye bei. Akikataa, ondoka. Na ukishaununua, bado nitakwambia uvishe sili na beringi mpya kabla ya kuufunga, kwa hiyo pesa za spea utalipa kwa njia zote mbili.

Nyar_Ahero
Naomba kuongeza kitu ambacho mafundi wengi hawakiulizi: mafuta yaliyomo ndani yana rangi gani? Huku kwetu Nyando ikifurika tunavuka maji na transfa ikiwa moto. Ikipoa ghafla inavuta hewa, na kama bomba lake la kupumulia limezibwa na tope, inavuta maji kupitia kwenye sili. Oili inatoka kama chai ya maziwa, na beringi zinaoza. Bomba hilo likiziba, hata bila mafuriko, joto linasukuma oili nje kupitia sili nzima, halafu mtu anauziwa sili mpya bila sababu.

Rangi ya pili ni wekundu. Gia boksi nyingi za 110 zinatumia mafuta mekundu mepesi, transfa inatumia EP90, oili nzito ya gia. Sili iliyo kati yao ikichoka, mafuta yanahama. Ukikuta transfa imejaa kupita tundu la kipimo huku gia boksi imepungua, usifurahie kwamba transfa haina njaa. Gia boksi ndiyo inayokufa.

Mzee_wa_Timboroa
Kijana wangu, hilo la Discovery niachie mimi, kwa sababu mlima huu naupanda na mzigo. Ni kweli transfa zenyewe zinafanana na inaingia. Tofauti iko kwenye gia ya kasi ya transfa: ya 110 yako huingiza mizunguko 1.41 ili itoe mmoja, ya Discovery 1.22. Injini inazunguka pungufu kwa kama asilimia 13 kwa mwendo ule ule. Njia ya tambarare ya Ahero ni raha, masikio yanapumzika.

Lakini Discovery ni gari la abiria na magurudumu yake ni madogo. Wewe una tairi za 7.50 na magunia ya viazi. Tayari tairi kubwa zimekuongezea mwendo na kukupunguzia nguvu, sasa unataka kupunguza tena. Kutoka Nakuru, karibu mita 1,850, hadi hapa kwangu, zaidi ya mita 2,700, utakuwa kwenye gia ya tatu pale ambapo leo unapanda na ya nne, na dizeli uliyotarajia kuokoa utaichoma ukikanyaga. Gia ya chini ya transfa haitakuokoa barabarani, hiyo ni ya matope. Angalia pia ni Discovery gani, kwa sababu baadhi ya Discovery 2 hazina mkono wa kufunga difu ya kati, zile gia ndani ya transfa zinazoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma yatofautiane mwendo. Ukikwama barabara ya Molo mwezi wa nne bila kufunga difu, gurudumu moja tu ndilo litakalozunguka.

Kwa mwenye gari la familia linaloenda Kisumu na kurudi, ningesema funga. Kwa mwenye viazi, hapana.

Mkulima_Molo
Asanteni sana, nimeshinda chini ya gari leo. Meno ya shafti ni mazuri, hakuna unga. Oili ni nyeusi ya kawaida. Nilifunga difu ya kati kwenye njia ya udongo, nikiwa kwenye mstari ulionyooka, na kule kugonga kukapungua kabisa. Discovery nimeiacha. Fundi anasema tundu la mbele linaonekana limelika kidogo, atapaka silikoni nyingi.

FundiKibos
Kugonga kukiisha ukifunga difu, basi uchezaji uko ndani ya difu ya kati: pini na washa zake. Iongeze kwenye orodha ya spea, na upime tairi zako zote, maana tairi zisizolingana ndizo zinazoitafuna hiyo difu kila kilomita.

Silikoni kwenye tundu hilo, kataa kwa heshima. Ipeleke kesi kwa mkereza pamoja na shafti yenyewe mkononi, bushi ikerezwe kwa kipimo cha shafti hiyo. Halafu mwulize fundi wako swali moja: anakazaje nati ya shafti ya kati? Kwenye transfa nyingi za miaka hiyo, kati ya beringi kuna kibomba kifupi cha chuma kinachobonyea nati inapokazwa, na hicho ndicho kinachoweka mbano wa beringi. Kinatumika mara moja, sawa na nati yenyewe. Anatakiwa akaze kidogo kidogo huku akipima uzito wa kuzungusha gia kwa mizani ya kamba. Akisema anakaza "hadi ishike", mpelekee mwingine.

Nyar_Ahero
Na akimaliza, ajaze EP90 kama lita 2.3 gari likiwa limesimama sawasawa, hadi itiririke kwenye tundu la kipimo. Uimwage baada ya wiki chache za kazi, uone kama kuna vumbi la chuma kwenye kizibo.

Mkulima_Molo
Mkereza nimempata hapa Nakuru. Jumatatu transfa inashuka.