phpMyAdmin 4.8.1: "lazima awe ameshaingia" ni kinga ya kutosha?

zamu_ya_usiku
Wakuu, nimekabidhiwa seva yenye tovuti za wateja kadhaa. Kila mteja ana akaunti yake ya databesi na haoni ya mwenzake. Wote wanatumia phpMyAdmin moja (programu ya kusimamia databesi za MySQL kupitia kivinjari), toleo la 4.8.1. Nimesoma tangazo la CVE-2018-12613, udhaifu wa kiusalama wa toleo hili, linasema mshambuliaji lazima awe ameshaingia kwa akaunti halali. Bosi kalishika hilo hilo: "wateja tunawajua, haraka ya nini?" Roho yangu haijatulia, lakini sina hoja ya kumpelekea. Nisaidieni.

bawabu22
Badilisha jina la folda, isiitwe phpmyadmin. Roboti za kunusa zitapita tu.

FundiKitasa
Mkuu zamu_ya_usiku, bosi wako kasoma tangazo vizuri, ila kajibu swali lingine. Swali si nani anaingia. Swali ni huyo aliyeingia anatoka akiwa nani.

Faili la index.php la phpMyAdmin hupokea parameta iitwayo target na kuita ukurasa uliotajwa humo. Kabla ya kuuita, hukagua kama jina lake limo kwenye orodha ya kurasa zinazoruhusiwa. Katika 4.8.0 na 4.8.1 ukaguzi huo hukata kila kinachofuata alama ya kuuliza, kisha husimbua maandishi (hugeuza misimbo kama %3f kuwa alama yake, "?") kwa mara ya pili na kukata tena. PHP yenyewe, lugha iliyoandikiwa phpMyAdmin, ilishasimbua mara moja. Kwa hiyo mtu akiandika %253f, ikifika kwenye ukaguzi imekuwa %3f, na ndani ya ukaguzi inageuka "?". Mkaguzi anaona db_sql.php, ukurasa ulioruhusiwa, anaridhika. Lakini kinachoitwa baadaye si kile alichokikagua! Ni maandishi yale ya mwanzo, pamoja na ../../ zote zilizofuata (kila ../ ni kupanda folda moja), na hizo zinapanda mpaka faili lolote ambalo seva ya wavuti inaweza kulisoma.

Kusoma mafaili bado ni nusu ya balaa. phpMyAdmin hutunza maswali ya SQL uliyoendesha ndani ya faili la kipindi chako (session), na jina la faili hilo hutokana na kuki iliyo mikononi mwako. Mteja mwenye haki ndogo kabisa anaendesha SELECT yenye kipande cha PHP ndani yake, kisha anaelekeza target kwenye faili hilo. PHP inalitekeleza. Aliingia kama mtumiaji wa databesi moja, sasa anaamrisha kama seva ya wavuti, na kama tovuti zote zinaendeshwa na mtumiaji mmoja wa mfumo, basi nywila za wateja wengine anazisoma kwenye mafaili yao ya usanidi. Hiyo ndiyo hoja ya kumpelekea bosi. Na mteja mwenyewe anaweza kuwa mtu safi kabisa, ila nywila yake ikawa ile ile anayotumia kila mahali.

Fungua config.inc.php, faili la usanidi la phpMyAdmin, uangalie AllowArbitraryServer, yaani ruhusa ya mtu kuchagua seva yoyote ya MySQL. Ikiwa ni true, sharti la kuingia halipo tena: mtu anaielekeza phpMyAdmin kwenye seva yake mwenyewe ya MySQL, anaingia kwa nywila aliyojiwekea. ServerDefault ikiwa 0, hata kuingia hahitaji. Na auth_type (njia ya kuingia) ikiwa 'config', yaani nywila imeandikwa humo humo kwenye usanidi, hata sijui tunajadili nini, maana kila anayefungua ukurasa ameshaingia.

bawabu22, kubadilisha jina sikukatazi, hupunguza kelele kwenye logi. Lakini wateja wake wanalijua hilo jina jipya.

nukta_mkato
Si aondoe yote aweke Adminer, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo? Faili moja, mambo yamekwisha.

FundiKitasa
Adminer naipenda, lakini matoleo ya kabla ya 4.6.3 yalikuwa na maradhi ya jamii hiyo: seva ya MySQL ya mvamizi inaiomba isome faili kwa LOAD DATA LOCAL (amri ya MySQL ya kupakia faili la upande wa anayeunganisha), nayo inatii. Faili moja husahaulika kirahisi kwenye kona ya tovuti.

zamu_ya_usiku
AllowArbitraryServer ni true 😳. Nimetafuta %253f kwenye logi, hakuna kitu. Nipandishe 4.8.2 iliyotoka Juni 2018 nimalize?

FundiKitasa
Usiishie hapo. 4.8.4 iliziba njia nyingine ya kusoma mafaili, na 4.8.5 ikaziba hiyo hiyo ya LOAD DATA kwa wenye AllowArbitraryServer kama wewe. Nenda 5.2 ya karibuni. Inataka PHP 7.2.5 kwenda juu. Kama PHP yako ni ya kale, 4.9.11 ndiyo ya mwisho kwa tawi la 4.9.

Logi tupu isikupe usingizi. target ilisomwa kupitia $_REQUEST, hivyo inaweza kuja kwa POST (ndani ya mwili wa ombi, si kwenye anwani ya ukurasa), na logi ya kawaida haiandiki yaliyomo kwenye POST. Pekua mafaili ya PHP yasiyo na mwenyewe, hasa kwenye folda za kupakia picha. Badilisha nywila zote za databesi zilizoandikwa kwenye mafaili ya usanidi, pamoja na ya controluser (akaunti ya ndani ya phpMyAdmin) na blowfish_secret (ufunguo wake wa kusimba kuki).

Leo hii, kabla ya yote, weka AllowArbitraryServer kuwa false na uifunge folda kwa anwani za IP. Bosi utamweleza baadaye.